Kufunga kontrola ya breki za umeme za tela: nyaya nne, na kwa nini tela lako halishiki

MTI MKAVU (Houston, Texas)

Wakuu, salaam.

Kila mara mtu akiuliza humu kuhusu kontrola ya breki za tela, yaani kile kisanduku cha kwenye gari kinachopeleka umeme kwenye breki hizo, majibu yanaishia kwenye majina ya kampuni na bei. Leo naomba tuongee waya. Huku Marekani ndugu zetu wengi wanavuta magari na mizigo kwa pikapu, na matela yanayoletwa kwangu yakiwa na lalamiko la "kontrola mbovu" huwa nayakuta na kontrola nzima kabisa. Kinachokosekana ni umeme kufika kwenye sumaku. Breki za tela ni uhai wa watu, wako na wa yule aliye mbele yako kwenye taa nyekundu, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kwanza tuelewe kinachotokea kule nyuma. Ndani ya ngoma ya kila gurudumu la tela kuna sumaku iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Ukikanyaga breki, kontrola inapeleka umeme, sumaku inang'ang'ania uso wa ngoma inayozunguka, ngoma inaiburuta, ule mkono unageuka na kusukuma breki shuu zibane. Nguvu ya kubana inatoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe. Umeme ni wa kuanzisha. Sumaku ikipata volti 9 badala ya 12, inang'ang'ania kinyonge, na mkono hausukumi inavyotakiwa.

Sumaku moja ya breki za inchi 10 au 12 inakula takriban ampea 3. Tela la ekseli mbili lenye breki kwenye magurudumu yote lina sumaku nne, yaani ampea 12. Sasa pitisha ampea 12 kwenye waya wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 8 kutoka mbele ya gari mpaka bampa la nyuma: unapoteza zaidi ya volti 1 kabla umeme haujaingia hata kwenye tela. Weka waya wa milimita 6, hasara inashuka mpaka kama robo ya volti. Na hapo bado hujahesabu waya wa tela lenyewe wala njia ya kurudi ya eathi.

Kontrola nyingi za soko la Marekani zinatoka na nyaya nne.

Mweusi ni umeme kutoka betri. Utoke kwenye nguzo chanya ya betri moja kwa moja, upitie sakiti breka iliyofungwa karibu na betri. Tela la ekseli moja au mbili, breka ya ampea 20. Ekseli tatu, ampea 30. Tumia breka inayojirudisha yenyewe. Fyuzi ikikatika katikati ya barabara kuu tela linabaki bila breki mpaka usimame uibadilishe, lakini breka ya aina hii ikishapoa inarudi. Mtu asikudanganye uchukue umeme kwenye soketi ya kuchajia simu au kwenye fyuzi ya redio.

Mweupe ni eathi. Upeleke mpaka kwenye nguzo hasi ya betri, kwa unene uleule wa mweusi. Kuukaza kwenye skrubu ya dashibodi iliyoshika plastiki na bati la rangi ndicho chanzo cha nusu ya matatizo ninayoyaona. Kuna tahadhari moja: gari likiwa na kile kidude cha kupimia betri kwenye klampu ya hasi, usifunge juu yake, funga kwenye boliti ya bodi ambako ule waya mnene wa hasi unaishia. La sivyo kompyuta ya gari itapata hesabu isiyo sahihi ya chaji.

Mwekundu unasikiliza pedali. Unaungwa kwenye swichi ya taa za breki, upande unaopata umeme pale tu unapokanyaga. Pima kwa mita: mguu juu, sifuri, mguu chini, volti 12. Kisha washa indiketa, washa hazadi, washa taa kubwa, na uhakikishe mita kwenye waya huo haitikisiki hata kidogo. Hatua hii wengi wanairuka.

Bluu ndio unaopeleka umeme wa breki nyuma, kwenye soketi ya pini saba ambako plagi ya tela inachomekwa. Huu nao uwe mnene. Upitishe kwenye tundu lenye mpira kwenye ukuta wa injini, ufuate fremu, uwe mbali na ekzosi na propela shafti, na ufungwe kila baada ya hatua fupi ili usining'inie.

Kabla ya yote toa klampu ya hasi ya betri, na irudishe mwisho kabisa. Mweusi na mweupe zikibadilishana nafasi kwa sekunde moja, kontrola imekwenda.

Kuhusu mahali pa kuifunga: chini ya dashibodi, mkono wa dereva uifikie bila kuinama, na isikae pale ambapo goti au mfuko wa hewa utaigonga. Zile za kuhisi mwendo, kama Tekonsha Prodigy, ndani yake zina kihisio kinachopima gari linavyopunguza kasi, kwa hiyo zinatakiwa zielekee mbele kunyooka na gari, na bano lake lisicheze. Zile za bei nafuu zinazopandisha umeme kwa muda hazijali zimekaaje, lakini zinashika vilevile uwe unasimama taratibu au unaokoa maisha. Mimi siwashauri kwa tela zito.

Karibuni kwa maswali.

NEEMA WA DALLAS

Shukrani sana kaka, somo limeeleweka. Mimi nina Ford F-150, niliponunua muuzaji alisema ina "tow package". Ina maana na mimi nikate nyaya hizo zote?

MTI MKAVU

Dada Neema, usikate chochote. Lala chini ya dashibodi upande wa dereva na tochi, utaona plagi imening'inia bila kazi. Pikapu nyingi za Ford, Ram, Chevrolet na Toyota Tundra zenye maandalizi ya kuvuta zinayo. Unanunua waya wa kuunganishia wa modeli yako na mwaka wako, upande mmoja unaingia kwenye gari, mwingine kwenye kontrola. Na kwenye pikapu za miaka ya karibuni angalia kwanza kama kontrola imekuja na gari, iko kwenye dashibodi na kitufe chake.

Ila hata kama ni plagi ya kiwandani, pima. Baadhi ya magari yana waya lakini fyuzi yake haijawekwa kwenye kisanduku, au mfuko wa rilei na fyuzi ulibaki kwenye droo ya mbele tangu gari lilipotoka kiwandani.

CHUI WA MERU (Arusha)

Mkuu heshima yako. Huku kwetu haya mambo tunakutana nayo kwenye matela ya kambi yanayoletwa kutoka nje. Tela langu lina sumaku, lakini Land Cruiser yangu ni ya dizeli kutoka Japani na ina betri mbili. Fundi waya anasema achukue umeme kwenye betri moja tu, mambo yaishe. Sijaridhika.

MTI MKAVU

Hongera kwa kutoridhika, mkuu. Betri mbili zinaweza kuwa zimeungwa sambamba, hapo gari ni la volti 12 kama kawaida, au zimeungwa mfululizo, hapo ni volti 24. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za soko la Japani ni 24 kweli. Weka mita kati ya chanya ya kila betri, moja baada ya nyingine, na bodi ya gari injini ikiwa inanguruma. Ukisoma 14 kwenye zote mbili, salama. Ukisoma 28 kwenye mojawapo, simama hapohapo.

Kuchukua 12 kutoka betri moja kati ya mbili za mfululizo ni kuziua zote. Ile inayonyonywa inabaki na njaa, nyingine inachajiwa kupita kiasi. Na waya mwekundu nao utapata 24 kutoka kwenye taa za breki, hata ukipata umeme wa 12 mahali pengine. Tafuta kontrola ambayo kijitabu chake kinaandika wazi kwamba inakubali gari la 24 na tela lenye sumaku za 12, usikubali maneno ya muuzaji.

KIBIBI MAJI (Mombasa)

Mie niulize, mwanangu. Mume wangu amekuwa dereva wa malori ya bandarini miaka na miaka, na hajapata kuniambia habari ya sumaku wala kontrola. Yale si matela?

MTI MKAVU

Shikamoo mama. Yale ni matela, lakini breki zake ni za upepo. Kichwa cha lori kina kompresa, upepo unapita kwenye mipira, na upepo ukipotea breki zinabana zenyewe. Hizi za sumaku ni za matela madogo yanayovutwa na pikapu na magari ya familia. Utazikuta sana Marekani, Kanada na Australia. Ulaya wao wana njia ya tatu: tela likisukuma gari kwa nyuma, ile shingo ya tela inaingia ndani na kuvuta kebo ya breki. Hakuna waya wala kontrola. Ndiyo maana mtu akitoka Ujerumani na karavani lake akaja huku hana pa kulichomeka.

KIBIBI MAJI (Mombasa)

Marahaba. Nimefahamu.

BARIDI KALI (Minneapolis, Minnesota)

Mti Mkavu, ongezea habari ya chumvi. Huku barabara zinamwagiwa chumvi majira ya baridi, na soketi ya nyuma inaliwa. Pini zinaota ukungu wa kijani, taa zinawaka vizuri kabisa lakini breki hakuna. Watu wakiona taa wanadhani kila kitu ni kizima. Taa za LED zinataka umeme kidogo sana, zinawaka hata kwenye pini iliyooza, sumaku haziwezi.

Mimi nasafisha pini kwa brashi ndogo ya waya, napaka grisi ya umeme, na maungio yote ya chini ya gari nayabana kwa koleo halisi la kubania, kisha navisha ule mpira wenye gundi unaojikaza kwa moto. Zile klipu za kuchoma waya bila kuumenya nimezipiga marufuku. Zinakata nyuzi, maji yanaingia, na mwaka hauishi.

MTI MKAVU

Nakubaliana nawe kwa kila neno. Na hiyo ya taa kuwaka ilhali breki hazipo naomba kila mtu aisome mara mbili. Taa si kipimo cha breki.

NDUGU WA BUKAVU (Columbus, Ohio)

Jambo wandugu. Mimi niko na shida. Fundi alinifungia kontrola, breki zinashika muzuri tu. Lakini nikisimama pembeni ya barabara na hazadi inawaka, nasikia tela linagonga, tak, tak, tak, na taa ya kontrola inawaka na kuzima pamoja nayo. Nimeambiwa ni kawaida. Ni kweli?

MTI MKAVU

Si kawaida, ndugu yangu, na usiliache hivyo. Fundi ameunga waya mwekundu kwenye waya wa taa ya nyuma, pale ambapo breki na indiketa vinatumia balbu moja. Magari mengi ya Marekani yako hivyo. Kila hazadi inapopepesa, kontrola inadhani umekanyaga breki. Ukiwa umesimama ni kelele tu, lakini ukiwa unahama njia kwenye mwendo na indiketa inafanya kazi, tela linaweza kushika na kuachia, shika na kuachia, na kontrola nyingine zitakula breki shuu bila wewe kujua.

Dawa: ufuate ule mwekundu mpaka ulipoungwa, uutoe, uupeleke kwenye swichi iliyo juu ya mkono wa pedali ya breki. Pima nyaya za swichi moja moja. Mmoja utakuwa na 12 muda wote, huo uache. Unaoutaka ni ule unaoamka na mguu wako na kulala na mguu wako. Gari likiwa jipya ambalo swichi yake inaongea na kompyuta tu, usilichokonoe. Rudi kwenye plagi ya kiwandani.

NDUGU WA BUKAVU (Columbus, Ohio)

Ni vile vile ulivyosema. Ulikuwa umeungwa nyuma ya kisanduku cha fyuzi, kwenye waya wa taa ya kushoto. Tumeuhamisha kwenye swichi ya pedali. Hazadi sasa iko kimya. Aksanti sana, Mungu akubariki.

SIMBA MTETEZI (San Antonio, Texas)

Wakuu, langu ni tofauti. Tela la ekseli mbili, navutia magari. Waya mnene, eathi kwenye betri, breka ya 20, kila kitu kama ulivyoandika. Kontrola inaonyesha tela limeunganishwa. Nimepandisha geini, kile kipimo cha kontrola cha nguvu ya breki za tela, mpaka mwisho na bado nikikanyaga nasikia tela linanisukuma. Nimeshaanza kuangalia bei ya kontrola nyingine.

MTI MKAVU

Mkuu, weka pochi mfukoni kwanza. Tafuta klampu mita, na hakikisha inasoma umeme wa betri, maana nyingi za bei rahisi zinasoma wa nyumbani tu. Usitumie mita ya kawaida kwa kazi hii, zina kikomo cha ampea 10 na wewe unatarajia 12, utachoma fyuzi yake.

Chomeka tela, washa injini, weka geini mwisho, bana ile klampu kwenye waya wa bluu peke yake, halafu mwenzio asukume kile kitasa cha mkono cha kontrola, kinachoshika breki za tela peke yake, mpaka mwisho na akishikilie. Lazima iwe mwisho kabisa. Kontrola hizi zinapeleka umeme kwa mapigo ya haraka, na mita inasoma vizuri pale tu mapigo yanapokuwa yameungana. Leta namba.

SIMBA MTETEZI (San Antonio, Texas)

Inasoma 6.1.

MTI MKAVU

Basi hiyo namba imeshasema. Sumaku mbili zinafanya kazi, mbili zimekufa. Ingekuwa 9, ningesema sumaku moja. Ingekuwa 8 hivi na sumaku zote nne zina uhai, ningesema umeme unapotea njiani. Lakini nusu kamili maana yake mara nyingi ni ekseli nzima haipati kitu.

Inua tela kwa jeki, weka stendi. Sikiliza kila gurudumu wakati mwenzio anashikilia kitasa. Sumaku iliyo hai inatoa mvumo mdogo. Au sogeza dira ya mkononi karibu na ngoma: sindano ikigeuka, sumaku iko hai. Ukishaijua ekseli iliyolala, angalia waya unapoingia ndani ya bomba la ekseli. Watengenezaji wengi wanaupitisha humo kutoka gurudumu moja kwenda jingine, haujafungwa na chochote, unacheza na kusuguana na chuma kila tela linaporuka shimo. Mpira wake ukiisha unagusa chuma au unakatika.

SIMBA MTETEZI (San Antonio, Texas)

Mzee, uko sahihi. Ekseli ya nyuma, zote mbili kimya, dira haikutikisika. Nimeuvuta ule waya kutoka kwenye bomba, umekatika karibu na mdomo wa kushoto, shaba imegeuka nyeusi. Nimepitisha waya mpya nje ya bomba, ndani ya mpira wa kinga, nimeufunga juu ya ekseli. Sasa klampu inasoma 12.3. Kontrola ni ileile.

BARIDI KALI (Minneapolis, Minnesota)

Safi sana. Na ile swichi ya kamba ya dharura umeigusa? Wengi wanaisahau kabisa.

SIMBA MTETEZI (San Antonio, Texas)

Ipo, ina kibetri chake kidogo kwenye shingo ya tela. Sijawahi kuichomoa.

MTI MKAVU

Ichomoe leo. Ile pini ikitoka, kibetri kinapeleka umeme wote kwenye sumaku ili tela lililokatika lijisimamishe lenyewe. Kwa matela ya biashara sheria ya shirikisho inataka breki zibaki zimeshika kwa angalau dakika 15 baada ya tela kukatika. Kibetri kilichokufa hakifiki hata moja. Kabla ya kuichomoa, toa plagi ya tela kwenye gari, usije ukarudisha umeme kwenye kontrola. Pia kamba ya pini ifungwe kwenye gari lenyewe, isifungwe kwenye minyororo ya usalama wala kwenye mpira wa kuvutia, ile tufe ya chuma inayoshika shingo ya tela, maana vikitoka hivyo inatoka navyo.

Na kwa wanaouliza kama wanalazimika kuwa na breki: majimbo mengi yanaanzia tela la uzito wa pauni 3,000, hapa Texas ni 4,500. Mimi nasema ukipakia gari juu ya tela, usihesabu pauni, weka breki.

NEEMA WA DALLAS

Kaka, swali la mwisho. Nimepata ile plagi, kontrola imewaka. Geini naiweka ngapi?

MTI MKAVU

Namba ya mwenzio haikufai, dada, maana inategemea uzito wa tela lako na hali ya breki zako. Pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta eneo kavu lililo tambarare lisilo na watu. Endesha maili 25 kwa saa, usiguse pedali, sukuma kitasa cha mkono mpaka mwisho. Magurudumu ya tela yakigoma na kuburuzika, shusha geini kidogo. Yakishika kinyonge, pandisha. Unataka pale ambapo yanashika kwa nguvu zote bila kuburuzika. Ukishusha mzigo, shusha na geini. Mvua ikinyesha, shusha tena.

Breki shuu zikiwa mpya zitakuwa laini mwanzoni. Zizoeshe: maili 40 kwa saa ukishuka mpaka 20, kwa kitasa, ukiachia nafasi zipoe, mara 20 mpaka 50. Baada ya hapo kaza tena marekebisho ya breki kule kwenye ngoma, kisha upange geini upya.

Na mkono wako ujue kitasa kilipo bila kutazama. Tela likianza kuyumba kushoto kulia kwenye mwendo, usikanyage breki ya gari na usikate usukani. Achia mafuta, shika usukani unyooke, sukuma kitasa, tela litavutwa nyuma na kunyooka. Jizoeshe ukiwa kwenye eneo hilohilo la majaribio.

NEEMA WA DALLAS

Jumamosi naenda na mdogo wangu kwenye uwanja wa kanisa, hauna magari siku hiyo. Nitaleta majibu.

SIMBA MTETEZI (San Antonio, Texas)

Nimechomoa pini. Kibetri kilikuwa na volti 4. Nimeagiza kipya.

MTI MKAVU

Kikifika, hakikisha kinachajiwa na ile pini ya umeme wa kudumu kwenye soketi yako ya pini saba. Pima hapo nyuma, inatakiwa usome 12 hata ukiwa umezima gari, au injini ikiwa inawaka kama gari lako limewekewa rilei. Ukisoma sifuri, hicho kipya nacho kitakufa kama cha kwanza.